Dawa ya bakteria kwenye chainizi: uzoefu wangu bustanini Kinyerezi

Kama unalima chainizi, figiri au kabichi hapa Dar na viwavi wamekuchosha, dawa ya bakteria inayoitwa Bt inafanya kazi. Naitumia kwenye matuta yangu Kinyerezi na sina mpango wa kurudi kwenye zile kali. Ila ukiipiga kwa mazoea ya dawa nyingine utaona umetupa hela, na naamini wengi wanaoilaumu ndipo wanapokwama.

Ninayoisemea ni ya unga, unaikuta kwenye maduka ya pembejeo. Kwenye lebo tafuta maandishi Bacillus thuringiensis, aina ya kurstaki. Hiyo ndiyo ya viwavi. Ipo nyingine, israelensis, ya viluwiluwi vya mbu, ndiyo ile inayotengenezwa kiwandani Kibaha. Ukiichukua hiyo kwa ajili ya chainizi, haitakusaidia.

Anayetusumbua zaidi ni kiwavi wa nondo mgongo-almasi. Ni mdogo, wa kijani, amechongoka huku na huku. Ukimgusa anajinyonganyonga kurudi nyuma, anajiangusha, mara unamwona ananing'inia kwenye uzi wake. Akiwa mchanga anakula jani kwa chini na kuacha ngozi ya juu, hivyo ukiliinua juani unaona vidirisha vyeupe. Wachuuzi wetu wananunua tuta zima alfajiri, na matobo yanashusha bei palepale.

Dawa nyingi tulizozoea zinamuua mdudu hata kwa kumgusa tu. Hii lazima aile. Bakteria huyu anaishi udongoni kwa asili yake, na anapojifungia kwenye spora, yaani ganda gumu la kujihifadhi, anatengeneza pia fuwele ndogo ya protini. Kiwavi akiimeza pamoja na jani, fuwele inayeyuka tumboni mwake, kwa sababu utumbo wa kiwavi una hali ya magadi, na sumu inayotoka inatoboa kuta za utumbo. Tumbo la binadamu lina asidi, na utumbo wetu hauna mahali pa sumu hiyo kujishikiza. Mjapani Shigetane Ishiwata alimkuta bakteria huyu mwaka 1901 kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wakifa. Mjerumani Ernst Berliner akamkuta mwaka 1911 kwenye nondo wa unga, na jina likatokana na eneo la Thuringia.

Kwa hiyo ukipiga jioni, asubuhi viwavi bado utawakuta. Hapo ndipo watu wanaposema dawa ni feki na kukimbilia nyingine. Angalia jani kwanza: matobo hayaongezeki, na vile vinyesi vidogo vya kijani havirundikani tena. Kiwavi anaacha kula ndani ya saa chache, kisha baada ya siku mbili tatu analegea, anakuwa mweusi, ukimbonyeza ni majimaji matupu.

Muda wa kupiga ndio kila kitu. Jua la Dar linaiharibu haraka, basi mimi napiga jua likishapoa, na bomba nalielekeza chini ya majani kwa sababu huko ndiko viwavi wanakokula. Majani ya kabichi yana nta, maji yanateleza, kwa hiyo naongeza sabuni ya maji kidogo sana. Wakati wa masika ni kazi, mvua ikinyesha inaisafisha yote na inabidi urudie. Na wawahi wakiwa wadogo. Kiwavi aliyekwisha nenepa anahitaji kula dawa nyingi zaidi, na hadi afe ameshakuharibia.

Usitegemee iue vidukari, inzi weupe au utitiri. Hao wananyonya maji ya ndani ya mmea, hawatafuni jani lenye dawa. Hilo kwangu ndilo pungufu lake kubwa, pamoja na bei, ambayo iko juu kuliko dawa za kawaida. Lakini nyuki, buibui na nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi wanabaki bustanini, na hao wananifanyia kazi bure.

Kuna mama mchuuzi aliniuliza, "Kaka, hii si ndiyo GMO?" Hapana, mama. Bakteria huyu anakuzwa kwenye matangi, anakaushwa na kuwa unga. GMO ni pale jeni yake inapohamishiwa ndani ya mmea wenyewe, kama pamba na mahindi yaliyoanza kulimwa kibiashara Marekani mwaka 1996. Huo ni mjadala mwingine, na chainizi yangu haimo.

Jambo linalonitia wasiwasi ni usugu. Mwaka 1990 watafiti waliripoti kwamba nondo huyuhuyu wa mgongo-almasi amekuwa sugu kwa Bt kwenye mashamba ya Hawaii. Ndiyo maana siipigi mfululizo. Naibadilisha na mwarobaini, na masalia ya chainizi nayang'oa yote nikishavuna ili wasizaliane humo. Jirani yangu wa bondeni nimemwomba naye afanye hivyo, maana nondo wanaruka kutoka tuta lake hadi langu.

Wakati wa kununua, angalia tarehe ya mwisho na namba ya usajili wa TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na uulize paketi zilikaa wapi. Duka moja nilikuta zimepangwa dirishani juani. Nikaziacha hapohapo.