EPL na Serie A, magoli yanasemaje?

Kila wikiendi watu wanabishana EPL ya Uingereza na Serie A ya Italia ipi ligi kali, mi nikaona bora niangalie namba za msimu wa 2023/24 maana mdomo hauchoki. Mechi ni 380 kote kote, ila Uingereza yalifungwa magoli 1246, Italia 992. Gawanya hapo unapata 3.28 kwa mechi huku, 2.61 kule.

Ila usikimbilie kusema Waitaliano hawajui kufunga, Inter bingwa wao katupia 89 na kafungwa 22 tu, wakati Manchester City, bingwa wa EPL, katupia 96 karuhusu 34. Utamu uko kwa waliomaliza wa tatu: Liverpool kafunga 86 kafungwa 41, Juventus kafunga 54 kafungwa 31, na Champions League kaenda vilevile! Ile Juve ya kocha Allegri bwana, 3-5-2 (mabeki watatu, viungo watano, mastraika wawili), ikishapata kagoli kamoja mawinga wanashuka, nyuma wanakuwa watano, basi limepaki golini, yaani ni kulinda tu, we tafuta mto ulale. EPL ukiongoza moja bila bado roho iko juu juu, mpira unaenda unarudi, na zile dakika za nyongeza msimu ule ndo usiseme.

Mkiani, Sheffield United walikula 104, Salernitana 81.

Nikiwa na washkaji kibandani naomba EPL, kelele zinanoga. Nikiwa peke yangu naweka Serie A, napenda kumwangalia beki anavyomsoma straika mpaka straika anakasirika.