Skul: The Hero Slayer, kwa wanaoanza: tumia vichwa vyote viwili

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo tuna Skul: The Hero Slayer. Kama umeipakua jana, au umeinunua halafu unakufa palepale kila siku, kaa hapa na mimi. Kuna jambo moja ambalo wanaoanza wengi hawalifanyi, na jambo hilo ndilo gemu yenyewe.

Juzi mpwa wangu alikuja likizo, nikampa pedi ya kuchezea. Akacheza kama nusu saa. Akafika kwa bosi wa kwanza, akafa. Akarudia, akafa. Mara ya tatu akaweka pedi mapajani, akanyoosha kidole pale chini kwenye kona ya skrini, akaniuliza: "Mjomba, hiki kichwa kingine ni cha nini?" Nusu saa nzima alikuwa na mafuvu mawili na alipigana na moja tu. Nilimwelewa kabisa, kwa sababu hata mimi nilianza vivyo hivyo, na hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana leo nawaambia nyinyi.

Kwanza tufahamiane na gemu kwa haraka. Imetengenezwa na SouthPAW Games wa Korea Kusini na kusambazwa na Neowiz. Toleo kamili la kompyuta lilitoka Januari 21, 2021, na Oktoba mwaka huohuo ikaingia kwenye PlayStation 4, Xbox One na Switch. Wewe ni kijifupa kidogo, jina lake Skul. Wanadamu wa dola ya Carleon wameivamia ngome ya Mfalme wa Mashetani, wamemkamata mfalme mwenyewe, na mlinzi aliyebaki amesimama ni wewe peke yako. Unatoka kwenda kumkomboa. Ninaipenda hadithi hii kwa sababu wale mashujaa wenye mapanga yanayong'aa, ambao tumezoea kucheza upande wao, hapa ndio wanaokuja kukuvunja mifupa.

Ni gemu ya aina ya roglaiti. Ukifa, safari imekwisha, unaanza tena kutoka ngomeni. Mafuvu yanapotea, vifaa vinapotea, dhahabu inapotea. Kinachobaki ni Dark Quartz, na hiyo tutaizungumzia baadaye kidogo.

Sasa tuje kwenye vichwa. Skul anabeba mafuvu mawili kwa wakati mmoja. Kila fuvu ni mhusika mwingine kabisa. Ukivaa la Werewolf unakuwa mbwamwitu, mwepesi, makucha yanakwenda mfululizo. Ukivaa la Minotaurus unakuwa mzito, kila pigo linatikisa. Ukibonyeza kitufe cha kubadili, kichwa cha sasa kinatoka na kingine kinaingia. Hapo nataka uangalie kwa makini, ngoja nirudishe video nyuma kidogo. Umeona? Fuvu jipya haliingii kimya. Linaingia na pigo lake. Kila fuvu lina shambulio lake la kuingilia, na huwezi kulipata kwa njia nyingine yoyote isipokuwa kubadili kichwa.

Kwa hiyo kubadili ni shambulio. Lichukulie kama shambulio. Anayeanza hubadili anapoona damu imebaki kidogo, kama mtu anayekimbilia mlangoni. Hapana ndugu yangu, damu ni ileile kwa vichwa vyote viwili, kubadili hakukuongezei hata tone. Badili unapokuwa katikati ya maadui wengi, ili lile pigo la kuingilia liwapate wote.

Na kuna faida ya pili, kubwa zaidi. Kila fuvu lina ujuzi wake, mmoja au miwili, na ukishautumia lazima usubiri kidogo kabla ya kuutumia tena. Mpwa wangu alikuwa anatumia ujuzi, halafu anabaki anapiga ngumi za kawaida huku anasubiri. Wewe usisubiri. Tumia ujuzi wote wa kichwa cha kwanza, badili, pigo la kuingilia linatoka, tumia ujuzi wote wa kichwa cha pili, na ukimaliza kichwa cha kwanza kinakaribia kuwa tayari. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Ukishaupata mwendo ule, gemu inabadilika mkononi mwako. Kubadili kwenyewe pia kuna muda wa kusubiri, sekunde kadhaa, kwa hiyo usibonyeze ovyo. Lakini ukiona kitufe kiko tayari na maadui wako mbele yako, unangoja nini?

Zoezi la kulijua hili linaanza na fuvu unaloanza nalo, Little Bone. Watu wanalidharau kwa sababu ni la kawaida na wanataka kulitupa haraka. Mimi nasema jifunze nalo kwanza. Ujuzi wake mmoja ni kutupa kichwa chake, na mwingine ni kuhamia ghafla pale kichwa kilipoangukia. Tazama hapa: mbele yangu kuna miiba, ng'ambo kuna askari mwenye upinde. Natupa kichwa, kinampiga yule askari na kudondoka miguuni pake, nabonyeza ujuzi wa pili, tayari nimeshafika kwake. Sijaruka, sijagusa mwiba. Na ukikiokota kichwa mwenyewe, ujuzi wa kutupa unakuwa tayari papo hapo, huna haja ya kusubiri. Kwa hiyo kwa umbali mfupi unatupa, unaokota, unatupa, unaokota. Kaa na Little Bone safari mbili tatu, vidole vitazoea.

Tukija kwenye kuchagua mafuvu, hapa kuna kosa ambalo limeniua mara nyingi kuliko bosi yeyote. Mafuvu yamegawanyika kwa daraja, kuanzia ya kawaida mpaka ya kipekee na yale adimu kabisa. Anayeanza akiona fuvu la daraja la juu analivaa bila kuuliza. Uliza swali moja kwanza: linaumiza kwa nguvu za mwili au kwa uchawi? Kwa sababu vifaa utakavyookota njiani vingine vinaongeza mapigo ya mwili, vingine vinaongeza uchawi. Ukiwa na kichwa kimoja cha mwili na kingine cha uchawi, kila kifaa unachookota kinamsaidia mmoja na kumwacha mwenzake na njaa. Chagua upande mmoja, vichwa vyote viwili viwe vya upande huo. Nimewahi kumaliza hatua nikiwa na mafuvu mawili ya kawaida tu yanayoendana, na nimewahi kufa mapema nikiwa na fuvu adimu lililokaa na mwenzake asiyeelewana naye.

Na lile fuvu usilolitaka? Usiliache chini! Shikilia kitufe, livunje, utapata vipande vya mifupa. Hivyo vipande ndivyo unavyompelekea Arachne, yule mama buibui unayekutana naye njiani. Anachukua fuvu lako, analizungushia utando, na linatoka limeamka, limepanda daraja, lina nguvu zaidi. Werewolf ni fuvu la kawaida kabisa, lakini likiamshwa linakuwa kitu kingine. Kwa hiyo wakati mwingine fuvu jipya lina thamani zaidi likivunjwa kuliko likivaliwa. Vifaa navyo ni hivyohivyo: usichokihitaji kivunje, upate dhahabu.

Milango. Ukimaliza maadui wote wa chumba, mbele kunafunguka milango, na sura ya mlango inakuambia zawadi ya chumba kinachofuata: fuvu, kifaa au dhahabu. Ushauri wangu: mwanzoni mwa safari fuata mafuvu mpaka upate mawili yanayoelewana. Ukishayapata, geukia vifaa. Mlango wa fuvu bado utakuwa na maana kama unatafuta mifupa ya kuamshia. Dhahabu nenda ukijua soko liko karibu.

Na dhahabu itumie. Tafadhali itumie. Nimeona watu wanaingia kwa bosi na dhahabu kama wanaweka akiba ya ada ya shule. Ukifa inapotea yote. Sokoni kuna anayeuza vifaa na kuna mpishi anayeuza chakula cha kurudisha damu. Damu kwenye gemu hii haipatikani kirahisi, kwa hiyo ukipita pale umejeruhiwa, kula kwanza.

Vifaa unaweza kubeba 9. Kila kimoja kina maandishi mawili, na maandishi ya aina moja yakikusanyika kwenye vifaa tofauti yanawasha nguvu za ziada. Mwanzoni usiumize kichwa sana na hili. Ukiwa unachagua kati ya vifaa viwili vinavyolingana, chukua chenye maandishi uliyonayo tayari. Inatosha kwa sasa.

Kuna kitu kidogo watu wanakipita: ukiona mfungwa kwenye kizimba njiani, mfungue. Hao ni wenzako wa ngomeni. Ukiwaokoa wanarudi nyumbani, na safari inayofuata unawakuta pale kabla hujatoka. Mbweha anakupa fuvu, zimwi anakupa kifaa. Unaanza safari na kitu mkononi badala ya kuanza mtupu.

Haya, bosi wa kwanza, maana najua wengi mmekuja kwa ajili yake. Msitu wa mwanzo unaisha kwa Yggdrasil, mti mkubwa wenye uso na mikono miwili. Usimkimbilie. Kaa katikati, mtazame mikono. Ngumi ikipanda juu yako, chomoka pembeni ikiwa inashuka, si kabla, kwa sababu ukichomoka mapema utabaki huna cha kukwepea pigo la pili. Akilaza mkono kufagia sakafu, ruka. Akitema mipira ya nguvu, acha kupiga kabisa, kwepa tu. Mpwa wangu alikuwa anakufa hapo hapo, kwa sababu alitaka kuongeza pigo moja zaidi huku mipira inakuja. Nafasi yako ni akishamaliza shambulio: hapo mwage kila kitu usoni pake, ujuzi, badili, ujuzi, halafu rudi katikati. Na damu yake ikiisha usiweke pedi chini, anaamka tena akiwa mkali zaidi. Ingia kwake ukiwa na damu ya kutosha kwa raundi mbili.

Kabla yake utakutana na watafuta-sifa wa kibinadamu, wale wapiganaji wanaokuja kama mabosi wadogo. Kwenye hatua za mbele wanakuja kwa kundi. Kama kundi lina yule anayeponya wenzake, anza na yeye, la sivyo utapiga mpaka kesho.

Sasa Dark Quartz. Ukifa unarudi ngomeni nayo, na unampelekea mchawi aliyeko pale akuongezee nguvu za kudumu: mapigo, damu, kubadili kichwa haraka zaidi, mpaka uwezo wa kuinuka mara moja baada ya kufa. Wengi wanaanza na mapigo. Mimi naanza na damu, kwa sababu anayeanza anajifunza kwa kubaki hai muda mrefu, aone shambulio la bosi mara ya tano na ya sita. Baada ya hapo weka kwenye kubadili haraka, kwa sababu sasa mnajua kubadili kuna maana gani.

Je, gemu haina kasoro? Inazo. Ukishapata vifaa vingi, skrini inajaa miali na milipuko mpaka humwoni adui anayekupiga, na kwenye skrini ndogo ni tabu zaidi. Bahati nayo ina siku zake, kuna safari unazunguka mpaka kwa wale madada wa Leiana, mabosi wa hatua ya pili, bila kupata fuvu la pili la maana. Na hatua ya maabara, ya tatu, inapanda ugumu ghafla mno kwa maoni yangu. Lakini michoro yake ya vidoto ni mizuri kweli, kila fuvu limechorwa kwa upendo, hata lile la kawaida kabisa lina mwendo wake wa kutembea. Mimi naipa nane kwa kumi, na nusu ya hizo nane ni kwa ajili ya kile kitufe cha kubadili.

Kama bado inakulemea, kwenye mipangilio kuna hali ya wanaoanza inayopunguza maumivu unayopata. Iwashe bila aibu yoyote, jifunze mwendo wa vichwa viwili, halafu izime ukiwa tayari.

Mpwa wangu, kama mlikuwa mnajiuliza, alimwangusha Yggdrasil jana usiku saa nne, akiwa na Werewolf na Little Bone. Niandikieni hapo chini mafuvu mawili mliyonayo kwenye safari yenu ya sasa na mahali mnapofia, nitajibu moja moja.