Kishikwambi cha kuandikia: kipi ununue Darajani na kipi ukipite

Ingia duka lolote la simu Darajani au Mlandege, mjini Zanzibar, useme unataka kishikwambi, yaani tableti, muuzaji ataanza kukutajia RAM, kamera na magemu. Mwache amalize. Anayeandika hadithi au utenzi, au mwalimu wa skuli anayetunga mitihani, ana haja mbili tu: kibodi inayobonyezeka vizuri, na skrini ya mwanzo itakayomfikisha kwenye andiko lake kwa mguso mmoja, bila ya kupita WhatsApp njiani. Kwa mizani hiyo ndiyo nimevipanga hivi. Bei sitaji, kwani hupanda na kushuka na dola, na mtumba kila duka lina lake.

Namba moja naipa Samsung Galaxy Tab S6 Lite. Kioo ni inchi 10.4, betri ni mAh 7,040, na kalamu ya S Pen imo ndani ya boksi, nayo haihitaji kuchajiwa. Tatizo ni kuwa imetoka mara tatu, 2020, 2022 na 2024, na kwa sura zinafanana kama pacha. Usiangalie boksi. Fungua mipangilio, nenda sehemu ya "kuhusu tableti", usome namba ya modeli. P610 na P615 ni za 2020. Hizo ziliishia Android 13, zipite hata ukipunguziwa. P613 na P619 ni za 2022, P620 na P625 za 2024. Zenye kuishia na 5 au 9 zinaingia laini. Mimi ningechukua isiyo na laini: bei yake ni rahisi zaidi, na bando unaweza kurushiwa na simu yako pale unapolihitaji kweli.

Sasa skrini yake ya mwanzo, na hapa ndipo inapowashinda wengine. Ondoa kila kitu, aikoni zote. Hazifutiki, zinabaki kwenye orodha ya programu. Kisha fungua Google Docs, tafuta andiko unaloliandika sasa hivi, bonyeza vidoti vitatu, chagua kuliweka kwenye skrini ya mwanzo. Si programu inayokaa pale, ni andiko lenyewe: sura ya nne ya riwaya yako, au mtihani wa darasa la sita. Ukiligusa, umo ndani. Kwenye vidoti hivyo hivyo ruhusu lipatikane bila intaneti, maana bando huisha na umeme nao hukatika. Weka andiko la pili ukipenda, na kamusi, basi. Halafu rudi kwenye mipangilio ya skrini ya mwanzo ufunge mpangilio, mtoto akikichukua asikuvurugie.

Ya pili ni iPad ya kizazi cha 9, ya 2021, inchi 10.2, ambayo siku hizi ni ya kutafuta kwenye mtumba. Ina kitu ambacho nakitamani: tangu mfumo wa iPadOS 15 unaweza kutengeneza hali ya umakini (Focus) ukaifunga na ukurasa wake wa skrini, ukiiwasha unabaki na ukurasa wa kuandikia peke yake na arifa zinanyamaza. Ni nzuri mno. Imeshuka namba kwa sababu kalamu inauzwa mbali, haina nafasi ya memori kadi, na waya wake wa Lightning si ule wa simu nyingi za nyumbani. Tena iPad ya mtumba usiilipie mpaka muuzaji aifute yote mbele yako, nawe uiwashe upya mpaka mwisho. Ikidai akaunti ya mtu mwengine, irudishe pale pale. Kuambiwa "tutaifungua kesho" usikubali. Na iPad Pro? Kwa maandishi matupu ni kukodi meli ya abiria ili uende kisiwa cha Changuu, hapo mbele ya mji.

Ya tatu, Galaxy Tab A9+. Inchi 11, ina DeX inayokufungulia madirisha kama kompyuta, na ile mbinu ya kuweka andiko kwenye skrini inafanya kazi vile vile. S Pen haiingiliani nayo. Angalia hiyo alama ya kujumlisha, maana Tab A9 tupu ni inchi 8.7, ndogo kwa kuandikia.

Fire HD 10 ya Amazon naiweka ya nne kwa shingo upande. Kioo si kibaya, lakini Google Play haimo, na skrini yake ya mwanzo imetengenezwa kukuuzia filamu na vitabu. Huwezi kuisafisha ikasafishika. Vile vishikwambi visivyo na jina, vyenye kava la rangi na boksi lililoandikwa GB kubwa kubwa, mnunulie mtoto achoree.

Usimalize pesa zote kwenye kishikwambi, bakisha za kibodi. Logitech K380 naipenda kwa kuwa inatumia betri mbili ndogo za AAA, za kununua duka la mtaani, na inaunganishwa na vifaa vitatu. Za mtumba huja na herufi za Kiarabu pembeni, hilo halina neno. La kuogopa ni za Ufaransa na Ujerumani, ambazo herufi zimehama na ile alama ya ng' imejificha kwingine. Kwa hiyo pale pale dukani andika "ng'ombe wang'ara mang'amung'amu" mara mbili tatu. Vidole vikikwama, omba nyengine. Na ukifika nyumbani uzime masahihisho ya moja kwa moja, la sivyo kila neno lako litageuzwa Kiingereza.

Ukichukua chenye laini, tuma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ya TCRA kabla hujatoa pesa, uone jibu linataja kifaa kile kile ulichokishika. Walioko Pemba, ikiwa Chake Chake hakuna unachokitaka na unaagizia Unguja, mwambie unayemtuma akupigie picha ya ule ukurasa wa namba ya modeli, kifaa kikiwa kimewashwa, kabla hakijapanda boti.