Nimetumia rangi tatu tu kwenye biashara yangu ya kushona kwa miezi nane, uzoefu wangu

Mi nashona na kuuza magauni hapa Sinza, na kabla ya hapo duka langu lilikua na kila rangi, yani bango la pinki, stika za kijani, mifuko mitupu ya kaki, Instagram kila posti na rangi yake. Mteja kanunua wiki iliyopita, leo anapita mbele ya mlango wangu halafu ananipigia simu "dada umehama? mbona silioni duka". Iliniuma sana. Ndo nikamtafuta kijana mmoja dizaina anipangie rangi, tukakubaliana laki moja na nusu, humo ndani logo, bango, stika na maelekezo ya jinsi ya kuzitumia hizo rangi mpaka kwenye nguo zenyewe.

Nilienda na kanga ya kisutu ya mama, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, nikamwambia nataka hivi hivi, maana kisutu ipo toka enzi za bibi zetu na mpaka leo ukiitandaza kitandani inapendeza. Akaishika akaiangalia pindo na mji, yani ile sehemu ya katikati, muda mrefu, akasema dada hii inakaa vizuri kwa sababu nyekundu na nyeusi zimegawana kazi na nyeupe inaziachanisha, ila ukipeleka nyekundu na nyeupe kwenye bango hapa Dar watu watajua unauza jezi za Simba. Kijani na njano ndo kabisa, hapo ni Yanga au chama cha CCM. Kwakweli sikuwahi kuliwaza hilo, mji huu rangi zina wenyewe.

Akaja na damu ya mzee, manjano ile ya bizari, na kijani cha chupa. Kwenye simu nilizipenda mno. Halafu akafanya kitu ambacho siku hizi nakifanya mwenyewe kabla sijakata kitambaa, akaigeuza picha ikawa nyeusi na nyeupe, na jina la duka likapotea! Lilikua limeandikwa kwa kijani juu ya damu ya mzee, zote mbili zikawa kijivu kimoja. Akanieleza kuna watu, hasa wanaume, macho yao hayaachanishi vizuri nyekundu na kijani, kwahiyo hao wangepita hapo kila siku bila kulisoma. Kijani kikatoka, ikaingia bluu bahari, tukageuza tena, safari hii kila rangi ikaonekana na jina likasomeka mpaka ng'ambo ya barabara.

Sasa kwenye nguo. Gauni la kwanza nilishona kwa akili yangu, juu manjano, katikati bluu, chini damu ya mzee, sawa kwa sawa. Likawa kama bendera, limekaa kwenye sanamu wiki mbili watu wanalisifia lakini hakuna anayelijaribu. Nikarudi kwenye maelekezo: rangi moja ichukue kama asilimia 60, ya pili 30, ya tatu 10 tu. Nikashona upya, gauni zima damu ya mzee, bluu kwenye mkanda mpana wa kiunoni na kwenye mikono, manjano nikaiacha kwenye paipini ya shingo na mdomo wa mfuko, uzi mwembamba tu lakini mtu akitembea ndo jicho linapokimbilia. Lilinunuliwa siku ile ile na mama mmoja aliyekua anapita kwenda kanisani, na tangu hapo nimeshona mengi sana ya mshono huo. Ila angalieni jamani, damu ya mzee nyingine zinachuja, mimi nilipata hasara ya gauni moja manjano yote iligeuka madoa. Siku hizi nikitoka Kariakoo na kitambaa kipya nakata kipande, nakiloweka na kitambaa cheupe usiku kucha, asubuhi cheupe kikiwa na wekundu basi hicho hakikai na manjano hata wakinipa bure.

Bango ndo liliniliza. Sehemu niliyopeleka kuchapisha walilitoa likiwa rangi ya chokoleti. Nilikua nimewatumia kama picha ya WhatsApp, inabanwa ubora wake unashuka, na hata namba za rangi za kuchapia alizoniandikia dizaina hawakuziangalia, wakasema kwenye kompyuta yao inaonekana sawa. Skrini inatoa rangi kwa mwanga, mashine inatoa kwa wino, haziwezi kulingana zenyewe bila mtu kusimamia. Nililipa mara mbili. Mara ya pili nilituma faili lenyewe kama dokumenti, nikaenda na kipande cha kitambaa mkononi, nikasema nitolee kipande kidogo kwanza nikilinganishe nje kwenye jua. Kikatoka vizuri.

Faida nyingine sikuitegemea ni kwenye tisheti za vijana wangu wa dukani, maana wanaochapa kwa skrini, yani ile fremu ya wavu inayopitisha wino, kila rangi ina fremu yake na wanatoza kwa hesabu hiyo, logo yangu ya zamani ilikua na rangi sita, sasa zimebaki tatu na bei imeshuka. Na mifuko, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hii yangu ya kitambaa yenye rangi za duka watu hawaitupi, wanaendea nayo sokoni, mteja mmoja ameniambia kaja kwangu kwa sababu ameona mfuko umening'inia kwenye daladala Mwenge akamuuliza mwenye nao.

Huyo dizaina nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibakiza kwa sababu hakunionya kabisa kuhusu wachapishaji, na ndiko hela yangu ilikopotelea. Simu za "umehama" sijapokea tena toka bango lipande, sa hizi nikielekeza mtu nasema tu teremka kituoni, angalia damu ya mzee.