Baiskeli ya resi ya mtumba, gia kumi: inaweza Mbeya–Tukuyu?

Kwa macho tu, baiskeli ya resi ya mtumba yenye seti ya gia na breki ya Shimano 105, toleo la 5600, inatamanisha. Fremu nyepesi, gia kumi nyuma, krenki (mikono ya pedeli na meno ya mbele) bado inang'aa. Ukiijaribu kutoka Mwanjelwa hadi Uyole utaisifu. Maneno yanabadilika ukishapita Igawilo, barabara inapoanza kuukwea mlima wa Isyonje.

Nyingi zina meno 53 na 39 mbele, na 12 hadi 25 nyuma. Gia yake nyepesi kuliko zote, 39 kwa 25, inasogeza baiskeli kama mita 3.3 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukipanda kwa kilomita 9 kwa saa, unakanyaga mizunguko 46 tu kwa dakika, na mzigo wote unaangukia magotini. Weka 34 mbele na 27 nyuma: mwendo uleule, mizunguko 57. Utaielewa tofauti hiyo jioni, mkirudi kutoka Tukuyu, kwa sababu kupanda kutoka Kiwira hadi Isyonje ni kurefu kuliko kule kwa asubuhi.

Kwa hiyo nenda dukani na rula. Krenki hizi zina boliti tano zinazoshika meno ya mbele. Pima kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata milimita 65, meno 34 yanaingia. Ukipata 76, meno machache kabisa yanayoingia ni 38, na muuzaji anayesema "fundi atabadilisha tu" anazungumzia krenki nzima. Nyuma nako kuna mpaka: kihamisha cheni cha kizazi hiki kimeundwa kwa meno yasiyozidi 27. Wapo wanaolazimisha 32 na kuiacha cheni ya zamani. Siku cheni ikipanda meno makubwa mbele na makubwa nyuma kwa pamoja, inakosa urefu, inavuta kihamisha na kupinda sikio la fremu linalokishika.

Breki ni za raba kwenye rimu. Raba iliyokaa miaka huwa ngumu kama kwato, na kwa mvua za Rungwe rimu iliyolowa huzunguka kidogo kabla raba haijaanza kushika. Badilisha zote nne kabla ya safari, bila mjadala. Hata hizo mpya uzikague baada ya safari: chembe za alumini zilizonasa humo hula rimu, zichokoe kwa ncha ya kisu. Kisha pitisha kidole ubavuni mwa rimu. Ukihisi bonde, usiinunue na gurudumu hilo. Kushuka Kiwira ni kukamata na kuachia. Ukishikilia breki mfululizo rimu inachemka na tyubu inaweza kupasuka. Mkiwa kundi, achaneni nafasi, na mwenye breki dhaifu atangulie, asije akawagonga wenzake kwa nyuma. Malori ya mpakani Kasumulu hayana subira na msururu wa baiskeli.

Tairi za milimita 25 zinakaa vizuri. Za 28 mara nyingi zinagusa breki.

Pancha ndiyo inayowaumbua wengi. Maduka ya njiani yana tyubu na tairi za inchi 28 kwa 1½, zile za Phoenix. Namba inafanana na ya kwako, rimu hazifanani: ile ina kipenyo cha milimita 635, hii 622, na tairi yake itapwaya. Tyubu yenyewe ni nene, itajikunja ndani, na valvu yake haipiti kwenye tundu jembamba la rimu ya resi. Kila mmoja abebe tyubu mbili za kwake, viraka na solusheni. Pampu moja inatosha watu wawili, mradi iwe ya valvu nyembamba.

Ongeza waya mmoja wa gia. Ukikatika ndani ya leva, cheni inaangukia meno 12, na mlima haupandiki. Kwa dharura, kaza skrubu yenye alama H kwenye kihamisha hadi cheni isogee gia moja au mbili kuelekea ndani. Utafika nyumbani, polepole.

Yenye krenki ya 65 na rimu nzima, nunua. Ya 76 waachie watu wa Usangu, kule ni tambarare.