Gigahezi 2.4 au 5 kwenye majengo ya maduka Kampala

Kwenye jengo ambalo kila duka lina ruta yake ya Wi-Fi, masafa ya redio ya gigahezi 2.4 hutoa chaneli (njia za kurushia mawimbi) tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ukiweka 3 ukidhani unakwepa msongamano, unavuruga 1 na 6 kwa pamoja. Afadhali ushiriki 6 na jirani: ruta za chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu, ilhali zinazopishana nusunusu husikia kelele tu.

Gigahezi 5 ina nafasi zaidi, nasi twaipendelea, ila ukuta wa tofali huidhoofisha upesi. Upana wa chaneli uwe megahezi 20 au 40, si 80. Kwenye chaneli 52 hadi 144, ruta husikiliza rada kwa angalau sekunde 60 kabla ya kurusha. Kwa hiyo umeme ukirudi na mtandao ukachelewa kuonekana, usiizime ruta tena kwa haraka.