Kupangilia pavana na galiarda kwa kundi la filimbi: uzoefu wangu na MuseScore 4

Kundi letu lina filimbi mbili za kawaida, moja ya alto na moja ya besi. Nilitaka tupige muziki wa dansi wa karne ya 16, nikachagua pavana (dansi ya mwendo wa polepole) na galiarda (dansi ya haraka yenye miruko) kutoka Danserye, mkusanyiko wa sauti nne ambao Tielman Susato aliuchapa Antwerp mwaka 1551. Ukurasa wake wa mbele unasema muziki huu unafaa kwa ala zote, kwa hiyo mpangaji yuko huru tangu mwanzo. Kazi yote nimeifanyia kwenye MuseScore 4, programu ya bure ya kuandikia nota ambayo watunzi wengi wa kwaya wanaijua.

Besi ndiyo iliyoleta kazi. Nota ya chini kabisa ya filimbi ya besi ni C iliyo oktavu moja chini ya C ya kati, na Susato hushuka zaidi ya hapo. Nota zisizofikika programu huzitia rangi nyekundu, kwa hiyo unaliona tatizo kabla hujamsumbua mpigaji. Nilipandisha sauti zote nne oktavu moja, wekundu ukaisha. Hata enzi zile filimbi zilisikika oktavu moja juu ya kilichoandikwa, na ule mng'ao wa juu unaupendeza muziki huu kweli.

Filimbi ya alto husikika kwoti moja (umbali wa nota nne, kama C hadi G iliyo chini yake) chini ya nota anayoisoma mpigaji. Hapa programu inakupumzisha: unapanga kwa sauti halisi, kisha unazima kitufe kimoja na kila mpigaji anapata karatasi yake ikiwa tayari imehamishwa.

Lakini kilichonifurahisha kuliko vyote ni mistari ya mizani, ile ya wima inayoyagawa mapigo katika mafungu. Vitabu vya sauti vya wakati ule havikuwa nayo. Galiarda ina mapigo sita ambayo mara hugawanyika tatu-tatu, mara mbili-mbili-mbili, na si lazima sauti zote zibadilike pamoja. Ukichora mistari ya kisasa, wapigaji wanakazia pigo la kwanza kila mara, na dansi inakufa. MuseScore inakuruhusu kuiweka mistari hiyo katikati ya safu za nota tu, bila kuzikata nota zenyewe. Wenzangu walianza kuufuata mwendo wa sauti zao, na miruko ya galiarda ikasikika.

Uwiano wa sauti usiupime kwa spika. Kwenye kompyuta besi husikika vizuri kabisa. Chumbani filimbi ya besi ni laini sana na inafunikwa upesi. Nimeiachia nafasi kwa kuipunguzia alto nota ndefu, na alama za kupumua nimeziweka kwa zamu ili wote wasinyamaze pamoja.

Kama hamna filimbi ya besi, mpeni alto sauti ya nne. Nota ya chini kabisa ya alto ni G, kwa hiyo besi yenu ikigusa F, pandisheni wimbo wote toni moja.